Mama Gaudiosi kwa Sirage Nyeusi

Mzee Bagula alikuwa na watoto wawili na miji mitatu. Mwanawe alikaa Newburg, kule Louisville. Binti yake Bulonza alikaa Buffalo. Na katikati, Columbus, alikuwa na mpwa mwenye kochi refu. Mwaka mzima alizunguka njia hiyo kwa basi, kamera kifuani, akikaa kila nyumba mpaka wenyewe waanze kumwuliza kama amepumzika vizuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu siku ya jembe ilimkuta kituoni, tiketi mkononi, anatafuta kiti cha dirishani.

Kazi yake tangu Bukavu ilikuwa picha. Alikuwa na studio Kadutu, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa mitende na maporomoko ya maji, na wateja wake walikuwa na kipimo kimoja tu: vifungo vya shati vionekane. Kifungo kikipotea, mtu halipi. Bagula alikuwa amepiga vifungo maisha yake yote, na huku Amerika, ambako kila mtoto ana kamera kwenye simu, hakuna aliyemwomba tena hata kifungo kimoja.

Lakini lililomkosesha usingizi mwaka ule halikuwa picha. Lilikuwa Mama Gaudiosi, mjane wa South End, mtaa wa Louisville, mwanamke mwenye sauti nzito na mkono mwepesi jikoni, anayehudumia vikongwe katika nyumba moja ya wazee na bado akirudi kwake ana nguvu za kutwanga sombe, majani yale ya mihogo. Wao wawili walikuwa wameshakubaliana, kwa maneno machache, kama watu wazima. Alibaki kaka yake, mzee Cubaka wa Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus. Wazazi walishatangulia, kwa hiyo neno lilikuwa la Cubaka.

"Kaka yangu aje akae kwenye nyumba hii, aseme ndiyo kwa mdomo wake," Gaudiosi alimwambia Bagula. "Na isiwe kwa simu. Kwa simu watu wanauza magari mabovu."

Bagula akaenda Reynoldsburg kubembeleza. Cubaka alimpokea vizuri, akampa chai, akakaa mbele yake mikono juu ya magoti.

"Unakaa wapi, papa Bagula?"

"Bon, kwa sasa Louisville."

"Mwezi uliopita?"

"Buffalo."

"Na usiku huu?"

"Kwa mpwa wangu, hapa Columbus."

"Donc, mimi nikitaka kumsalimia dada yangu, nimtafute kituo gani cha basi?"

Bagula akanywa chai. Ilikuwa nzuri, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

"Siji Louisville," Cubaka alimaliza. "Siku nitakayokuja kule, nitakuja kumzika mtu."

Basi Bagula akapeleka hasira zake Buffalo. Bulonza alimvumilia kwa muda, halafu siku yake ya kupumzika akamtoa kwenye kochi na kumpeleka makumbusho ya sanaa, siku ambayo watu wanaingia bure. Nje theluji ilikuwa imefika magotini. Ndani walikuta ukumbi mzima wa picha za Japani, za miaka mia hivi iliyopita, ndogondogo, za kahawia na nyeusi, kila moja ndani ya fremu pana kupita picha yenyewe.

Ya kwanza ilikuwa njia iliyopinda kama kamba iliyolegea, na juu yake watoto watatu wadogo kama siafu. Hata kilima kilikuwa kimevimba. Ya pili ilikuwa ukungu, na ndani ya ukungu kitu ambacho labda ni ng'ombe.

"Papa, huyu alikuwa anahitaji miwani," Bulonza alisema.

"Soma wameandika nini."

Bulonza akasoma kimoyomoyo, kisha akamgeuzia kwa Kiswahili. "Anaitwa Tomekichi. Alikuwa muuza mchuzi wa soya, mji mdogo wa pwani, upande wa theluji. Hakuhama. Alipiga picha majirani zake na mashamba yao mpaka akafa. Banasema wapiga picha wa Japani wakati ule walitaka picha iheshimiwe kama mchoro, isiwe kama ya kitambulisho. Njia ile haikupinda, Papa. Alipinda karatasi wakati wa kuchapa."

"Makusudi?"

"Makusudi. Na hii ingine, alikuwa anaichapa, anaipaka rangi nyeusi ya mafuta na masizi, picha yote inazama. Halafu anafuta na kitambaa pale anapotaka mwanga."

"Kitambaa gani?"

"Hawajaandika kitambaa gani."

"La maana ndilo hawakuandika."

Aliposimama mbele ya picha ya mwisho, Bagula hakuuliza tena. Bibi mmoja ameinamia jiko, moshi umemla nusu ya uso. Hakuna kifungo. Hakuna hata jicho, ukisema ukweli, ila kivuli mahali pa jicho. Lakini Bagula alimjua yule bibi. Alijua kwamba amechoka, na kwamba mtu akimwambia akae chini atamfukuza na mwiko. Akasogea, akasogea, mpaka mlinzi akaja kumwomba kwa adabu aondoe pua yake kwenye kioo.

Alirudi Louisville kwa basi la kwanza. Bulonza hakuamini: baba ameondoka mwenyewe kabla ya kuulizwa kama amepumzika.

Kwa Mama Gaudiosi alimkuta jikoni, sufuria ya sombe inachemka, dirisha limejaa mvuke. Hakumwambia avae vizuri. Hakumwambia atazame kamera. Alimwacha afunue sufuria, mvuke ukapanda, naye akapiga.

"Umenipiga hivi, na kitambaa hiki cha kichwa?"

"Endelea kupika."

"Studio yako ilikuwa hivi? Ndiyo maana ilifungwa."

Akaipeleka picha ikachapwe kwenye duka la dawa la barabara kuu, kwa kuwa Amerika duka la dawa huchapa na picha, nyeusi na nyeupe, karatasi isiyong'aa, nakala tatu. Rangi ya mafuta ya wachoraji hakuwa nayo. Alikuwa na sirage, ile dawa nyeusi ya viatu, mkebe mzima, na masizi ya mshumaa. Ya kwanza ilitoka kama kiatu. Ya pili akaifuta mpaka Mama Gaudiosi akatoka na masharubu. Kwa ya tatu akaacha kitambaa cha vyombo, akachukua fulana yake ya zamani, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la mtoto, akafuta kidogo kidogo: paji la uso, kifundo cha mkono, ukingo wa mwiko. Kwingine akaacha giza lilale. Alipomaliza aliketi akaitazama muda mrefu, vidole vyeusi kama vya fundi viatu.

Akampelekea asubuhi ya Jumamosi, Gaudiosi akiwa ameshavaa nguo za kazi.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona sina makunyanzi?"

"Yako gizani."

"Wacha yakae huko." Akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani, akairudisha. Mwishoni akaiweka juu ya meza ndogo, akaiegemeza ukutani, na ili isiteleze akaweka mbele yake chombo cha maua ya plastiki, yale meupe. Akatoa simu, akaipiga picha ile picha, akaiweka kwenye WhatsApp, pale ambapo kila mwenye namba yake ataiona.

"Hutaandika neno?" Bagula aliuliza.

"Niandike nini? Inajionyesha."

Akamwacha Bagula pale atengeneze bomba la jikoni lililokuwa linadondosha, akaenda kazini. Na kazini kwake simu inafungiwa kabatini mpaka saa ya kutoka.

Sasa mtu wa kwetu anayesoma hapa ameshashika kichwa. Maana toka Louisville mpaka Buffalo, kwenye simu za watu wa Kivu, mtu mzima akitokea peke yake, nyeusi na nyeupe, maua chini yake na bila neno, hakuna anayeuliza maana. Watu wanauliza tu mazishi ni lini. Picha za walio hai zina rangi, zina gari nyuma, zina keki. Bagula huyu, aliyekuwa na majapani kichwani wiki nzima, hakuwaza kabisa. Naapa kwa niaba yake: mpaka hapo hakuwaza.

Alikuwa amelala chali chini ya sinki wakati Bulonza alipopiga.

"Papa. Pole sana, Papa."

"Pole ya nini?"

"Usijikaze. Tumeona picha. Mama Gaudiosi, jamani. Huku Buffalo mama wote banalia. Na simu yake inaita tu, hakuna mtu. Papa Cubaka ameshatoka Columbus na gari la kanisa, yeye na kwaya na masufuria. Analia kama mtoto."

Bagula akatoka chini ya sinki. Ukweli ulimfikia ulimini, ukakaa pale kama mgeni asiyejua kuaga. Sentensi moja tu: yuko kazini, mzima, anakula kuliko mimi. Lakini sikio lake lilikuwa limebaki nyuma kidogo, kwenye maneno mengine. Cubaka ametoka. Cubaka yuko njiani. Cubaka anakuja kukaa kwenye nyumba hii.

Akashusha pumzi.

Pumzi tu. Bulonza aliisikia, akaanza kulia upya, akakata simu akawaambie wenzake kwamba Papa hawezi hata kuongea.

Bagula akampigia Gaudiosi mara moja, ili aweze kusema kwamba alimpigia. Simu ikaita kabatini. Angeweza kumpigia Cubaka. Namba alikuwa nayo. Akaitazama namba ile vizuri, tarakimu moja moja, akaona dereva anayelia akiongea na simu barabara kuu ni hatari, akairudisha simu mfukoni. Kisha akavuka barabara kwa jirani, Semahoro, fundi wa magari, kuazima viti.

"Una wageni?"

"Ninao."

"Wa furaha au wa huzuni?"

"Wataamua wakifika."

Walifika adhuhuri. Gari la kanisa lilisimama mlangoni, na kabla halijazimwa kilio kilikuwa kimeshashuka. Mbele alikuwa Mama Précieuse, kiongozi wa kwaya, kitambaa cheupe mkononi. Nyuma akina mama na masufuria yao ya sambaza, dagaa wale wa Ziwa Kivu, na unga wa bugali. Na wa mwisho mzee Cubaka, kofia mkononi, kichwa wazi kwenye baridi. Alimwona Bagula mlangoni na vidole vyake vyeusi, akamkumbatia, akamlilia begani.

"Shemeji," alisema. "Shemeji yangu."

Neno hilo Bagula alikuwa amelifuata miezi na miezi kwa basi. Sasa lilikuja lenyewe, na limelowa machozi, na aliona halina ladha aliyoitarajia.

"Bon, papa Cubaka, sikiliza. Keti kwanza."

Cubaka akaketi, kwenye kiti kikubwa karibu na picha. Aliiona, akafunika uso.

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko kazini," Bagula alisema. "Anarudi saa tisa."

"Amina," akina mama wakaitikia, na Mama Précieuse akasema kweli kabisa, kazi ya Bwana haina mapumziko, na akaanzisha wimbo.

Bagula alijaribu tena baada ya wimbo, wakaanza sala. Alijaribu baada ya sala, wakamletea maji, wakampepea, wakamwambia alie tu, mwanamume kulia si aibu. Jamani, matangani nani anamsikiliza mwenye msiba? Akaketi. Akalia kidogo, kwa sababu ya woga, na walimsifu.

Saa tisa na nusu Mama Gaudiosi aliteremka kwenye basi la mjini, mfuko wa mboga mkononi. Toka kona akasikia nyimbo za matanga, akaona gari, akaona viti mpaka barazani, watu wa kwao kichwa chini. Na kwetu mtu akikuta msiba hulia kwanza, kuuliza ni baadaye. Aliweka mboga chini, akajifunga kitenge kiunoni, akaingia kwa mlango wa nyuma akilia kwa ile sauti yake nzito, akaketi sakafuni kati ya akina mama waliofunika nyuso, akalia nao vizuri mpaka wimbo ukaisha. Ndipo alipomwinamia aliye karibu.

"Mama Précieuse, nani ametuacha?"

"Mama Gaudiosi," Précieuse alisema ndani ya kitambaa chake.

"Gaudiosi yupi?"

Précieuse akashusha kitambaa.

Nisieleze kelele. Sufuria moja ya sambaza ilimwagika, mama wawili walitokea dirishani badala ya mlangoni, na Semahoro alivuka barabara na nyundo mkononi. Cubaka peke yake hakukimbia. Alisimama, akamfuata dada yake taratibu, akamgusa shavu, akamgusa sikio, akamvuta sikio.

"Unaniumiza," Gaudiosi alisema.

Cubaka akaketi chini, palepale, kama mzigo uliotuliwa.

Ilichukua muda mambo kupangwa: picha, maua, kabati la simu. Ilipoeleweka, watu walianza kucheka, wa kwanza wakiwa wale wa dirishani. Ndipo Cubaka alipokumbuka hadhi yake, akainuka, akamnyooshea Bagula kidole.

"Wewe. Kwetu mtu hatiwi weusi akiwa bado anakula. Umemchukua dada yangu ukampaka dawa ya viatu kama buti la askari."

"Lakini itazame kwanza," Bagula alisema.

"Nimeitazama. Nimeililia."

"Uliililia kwa sababu ni yeye. Picha yake ya kitambulisho iko pale kwenye friji. Uliwahi kuililia?"

Cubaka akatazama friji, akatazama meza. Katika ile picha ya meza dada yake alikuwa ameinamia mvuke, mkono wake una mwanga, na giza nyuma yake lilikuwa giza la jiko lolote, hata la kule kwao Walungu, hata la mama yao. Alikohoa tu.

"Papa Cubaka," Mama Précieuse akaingilia, macho bado mekundu lakini sasa yanameta kwa ubaya. "Na yale maneno ya pale Carrollton?"

"Maneno gani?"

"Kwenye gari. Tulikuwa kumi, tulisikia wote. Ulisema, Mungu, ukinirudishia dada yangu hata kwa siku moja, aolewe na amtakaye, hata na yule mtu wa mabasi."

"Mtu akilia anasema mengi."

"Ulisema ndiyo, ukasema na amina. Sisi tukaitikia."

"Ni kweli, tuliitikia," akina mama wakasema.

Cubaka akatafuta mtu wa kumtetea chumbani akamkosa, hata Semahoro na nyundo yake alikuwa anatikisa kichwa upande wa akina mama. "Basi," alisema. "Mungu amenikamata. Ndiyo. Nimekaa na nimesema. Mumwoze."

Vigelegele vilikuwa vimeshafika kooni Gaudiosi alipoinua mkono.

"Mimi bado sijaulizwa," alisema. Akamgeukia Bagula. "Wewe ulijua saa ngapi?"

Bagula alitazama vidole vyake. Angeweza kusema alijua walipofika. Angeweza kushusha pumzi nyingine.

"Asubuhi," alisema. "Bulonza alinipigia, nikashusha pumzi tu. Kaka yako alikuwa hajafika hata Cincinnati. Ningeweza kumrudisha. Sikumrudisha, kwa sababu nilitaka aje."

"Ukamwacha alie njia nzima."

"Nilimwacha."

"Na viti ukaazima."

"Na viti nikaazima."

Kuna mama mmoja alicheka, akajificha. Gaudiosi hakucheka. Alimtazama mzee yule jinsi anavyowatazama vikongwe wake kazini wanapomdanganya kwamba wamemeza dawa.

"Leo hulali Louisville," alisema. "Utapanda gari hili na kaka yangu. Columbus utapita nyumba kwa nyumba, kila aliyelia, umwambie niko hai na ni wewe mwongo. Ukimaliza uende Buffalo ufanye vilevile. Halafu urudi hapa. Na ukirudi, umerudi. Sitaki kusikia tena kiti cha dirishani."

"Na ndoa?" Précieuse aliuliza, kwa niaba ya wote.

"Si amesikia nimesema arudi?"

Wakala kwanza, kwa sababu chakula cha matanga hakirudi nyumbani. Jioni haijaingia, gari la kanisa likaanza safari. Na Bagula, aliyepanda mabasi yote ya nchi hii kwa furaha, alipanda hili akitazama nyuma. Alibanwa kiti cha mwisho, kati ya Mama Précieuse na sufuria tupu, magoti yamefika kidevuni. Cubaka alikaa mbele, karibu na dereva, mgongo wake umekasirika. Hakuna aliyempa Bagula neno, isipokuwa kila akijaribu kusinzia mtu mmoja alishusha pumzi kwa nguvu na gari zima likacheka.

Walipokuwa wanakaribia daraja la Cincinnati, simu ya Cubaka ikaita, na uso wa dada yake ukajaa kwenye kioo. Mama mmoja aliyekuwa amelala aliamka akapiga kelele.

"Niko hai bado," Gaudiosi alisema. "Huyo mzee mmemkalisha wapi?"

"Nyuma," Cubaka alijibu. "Na sufuria."

"Magoti yake ni mabovu. Nyuma atashikwa na ganzi ya miguu, halafu nani atapita nyumba kwa nyumba? Mpe kiti cha mbele."

"Mimi? Nimpishe huyu?"

"Kaka."

Dereva alikuwa ameshawasha taa ya kutokea, hakungoja kuambiwa. Wakasimama kwenye kituo cha mafuta. Cubaka alishuka akinung'unika kwa Kishi, lugha ya kwao, akaenda nyuma, akina mama wakajibana kumpisha, na alipoketi tu kati ya Précieuse na sufuria walianza wimbo, safari hii wa harusi, kwa sauti nne. Bagula alipanda mbele polepole, akanyoosha miguu, akafunga mkanda.